Bustani ya Nyumbani Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayelima uani, kando ya nyumba au kwenye viroba, kuanzia mwambao wa Kilwa, Lindi na Mikindani hadi juu Newala na Tandahimba. Maelekezo mengi ya bustani yanayosambaa yameandikwa kwa ajili ya Arusha, Iringa au Lushoto, penye ubaridi na udongo mzito. Ukiyafuata hivyo hivyo kwenye mchanga na joto letu, utapoteza mbegu na nguvu. Maswali yana namba ili jibu moja likuelekeze kwa jingine.

## Kabla ya kushika jembe

1. Sijawahi kulima bustani. Nianze na nini?

Anza na matembele, mchicha na bamia. Matembele hayataki mbegu wala kitalu: unaomba marando kwa jirani, unachomeka, na baada ya wiki nne hadi sita unachuma. Mchicha huvunwa siku 21 hadi 28 tangu kuusia, kwa hiyo kosa unaliona mapema na kulirekebisha mwezi uleule. Bamia inastahimili joto kali ambalo hoho na kabichi haziliwezi.

Nyanya ziache hadi umeshavuna mchicha mara mbili tatu. Wengi huanza na nyanya kwa sababu ndizo zinazowamalizia hela sokoni, na ndizo hizo zinazowakatisha tamaa.

2. Msimu wa bustani huku Kusini ni upi?

Kusini hatuna vuli na masika zilizotengana kama Tanga au Dar es Salaam. Mvua yetu ni moja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, mara nyingine Mei mwanzoni. Katikati yake, Januari au Februari, mara nyingi hupita wiki mbili au tatu kavu, na hapo ndipo miche iliyopandwa bila matandazo huungua.

Msimu mzuri kwa mboga za bustani si wa mvua, ni kipupwe: Mei hadi Agosti. Usiku unapoa, ukungu wa majani unapungua, na visima bado vina maji. Nyanya, hoho, sukuma wiki, chainizi na matango yapange yakue ndani ya miezi hiyo. Sia kitalu mwishoni mwa Machi au Aprili, chini ya kipaa cha makuti ili mvua za mwisho zisikipige, kisha hamishia miche bustanini Mei.

Wakati wa mvua jitegemee kwa majani yanayoota karibu yenyewe: kunde, maboga, mlenda na kisamvu. Septemba hadi Novemba ndiyo miezi migumu, kwa kuwa joto linapanda na maji yanashuka. Punguza matuta, baki na matembele na bamia, na tumia nafasi hiyo kuchimba mashimo ya miti ya matunda. Miti ipandwe Desemba au Januari, ardhi ikishalowa hadi chini ya kina cha mkono.

3. Eneo dogo kiasi gani linafaa?

Matuta matatu ya mchicha, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, yakisiwa kwa kupishana siku kumi, yanaipa familia ya watu watano mboga bila kukatika. Ongeza tuta moja la matembele na mashina kumi ya bamia. Upana usizidi mita 1, maana lazima mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani.

4. Naweza kulima chini ya mwembe au mkorosho?

Hapana. Mboga zinataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, na mizizi ya miti hiyo inakunywa maji yako kabla mchicha haujayaona. Kivuli cha alasiri upande wa mashariki wa nyumba, kwa upande mwingine, ni msaada mkubwa kuanzia Septemba.

## Udongo na mbolea

5. Kiwanja changu ni mchanga mtupu. Kuna mboga itakayoota?

Ipo, ukianza kwa kuulisha mchanga. Mchanga una sifa nzuri: hautuamishi maji na mizizi hupita kirahisi. Kasoro yake ni kwamba haushiki maji wala mbolea. Ulichoweka leo, mvua kubwa moja inakishusha chini mizizi isikofika. Dawa yake ni samadi na mboji, kidogo kidogo na kila msimu, bila kuacha.

Kwa tuta jipya, mwaga debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba, lichanganye na udongo wa juu hadi kina cha sentimita 20, mwagilia, acha siku saba hadi kumi. Baada ya hapo ongeza nusu debe kila unapopanda upya. Kupima maendeleo, chukua udongo uliolowa, ufumbate kiganjani, kisha fumbua. Mchanga mtupu unasambaa palepale. Udongo ulioshiba unabaki donge, na ukiligusa kwa kidole linavunjika polepole. Hatua hiyo huchukua misimu miwili au mitatu.

Usiinue tuta kwenye mchanga. Hili ni kosa linalotokana na maelekezo ya udongo mzito. Tuta la mchanga lililoinuliwa linakauka pande zote. Tengeneza jaluba: chimba chini sentimita 10 hadi 15, acha kingo pembeni, na maji yatabaki ulipo mmea. Matuta ya kuinua yafaa bondeni penye ufinyanzi, kama kando ya Lukuledi na Mbwemkuru, ambako maji hutuama.

6. Samadi gani, na kiasi gani?

Ya ng'ombe ni salama zaidi lakini huku ni adimu. Ya mbuzi ipo, ila ni gololi ngumu: iponde, ilowanishe, ifunike kwa wiki nne kabla ya kuitumia, la sivyo utaikuta nzima msimu ujao. Ya kuku ina nguvu nyingi. Ilaze wiki sita hadi nane pamoja na pumba au majani makavu, kisha tumia sado moja tu (lita 4) kwa mita ya mraba. Kingo za majani zikigeuka kahawia ndani ya wiki moja baada ya kuweka mbolea, umeunguza mizizi. Mwagilia maji mengi siku mbili mfululizo uisukume chini.

7. Nini kiingie kwenye mboji? Mabibo, makumbi na maganda ya korosho yanafaa?

*Mabibo* yanafaa, na kila msimu wa korosho yanaoza bure mashambani. Yana maji na sukari nyingi, hivyo yachanganye na majani makavu mara mbili ya ujazo wake na uyafukie katikati ya lundo. Yakibaki juu yatakuletea nzi na harufu ya kuchachuka.

*Maganda magumu ya korosho* usiyaweke, si kwenye mboji wala kama matandazo. Yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na yanadhuru mizizi na wadudu wa udongo vilevile.

*Makumbi ya nazi* hayaozi upesi, na hiyo ndiyo faida yake. Yalowanishe usiku kucha, yapange upande wa ndani ukitazama juu kwenye sakafu ya shimo la papai au mgomba, halafu weka udongo juu. Yanafyonza maji na kuyaachia taratibu wiki nzima.

Vingine vizuri ni maganda ya karanga, mabua ya ufuta na mbaazi yaliyokatwakatwa, majani ya mlonge, na taka za samaki zikifukiwa kina cha sentimita 40 ili paka wasifukue. Lundo liwe na kimo na upana wa mita 1, lilowe kama kitambaa kilichokamuliwa, lipinduliwe kila wiki mbili. Kwa joto letu linaiva ndani ya miezi miwili au mitatu. Liwekee kivuli; juani linakauka na kusimama kama kichuguu.

8. Nikitumia mbolea ya dukani?

Inasaidia, ila kwenye mchanga igawe mara nyingi kwa kiasi kidogo. Kwa mboga za majani, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha urea (gramu 5 hivi) kwenye maji lita 10, mwagia mita ya mraba moja, suuza majani kwa maji matupu, rudia baada ya wiki mbili. Kwa nyanya, kizibo kimoja cha soda cha NPK kwa shina, sentimita 10 kutoka shinani, kifukiwe. Bila samadi chini yake, mbolea hiyo utainunua daima na mavuno hayatapanda.

## Maji

9. Nimwagilie kiasi gani?

Kipupwe, lita 4 kwa mita ya mraba kwa siku. Septemba hadi Novemba, lita 6. Tuta la mita 1 kwa 3 linamaliza lita 12 hadi 18, yaani karibu dumu moja la lita 20. Yagawe: nusu asubuhi kabla ya saa mbili, nusu nyingine jioni. Mchanga ukimwagiwa yote kwa mpigo unapitisha tu.

Tandaza nyasi kavu, makuti yaliyokatwa au maganda ya karanga, unene wa sentimita 5. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina, ili mchwa wakija kula matandazo wasianze na ganda la mmea.

10. Kisima changu kina maji ya chumvi. Nifanyeje?

Hili ni la Mikindani, Kilwa na kila aliye karibu na bahari, na huwa baya zaidi Oktoba visima vikishuka. Dalili ni kingo za majani kuungua na ukoko mweupe juu ya udongo unapokauka.

Maji yenye chumvi kidogo yatumie hivi: mwaga chini, usirushie majani, mwaga mengi kwa wakati mmoja ili chumvi ishuke chini ya mizizi badala ya kujirundika, na kitalu kimwagilie kwa maji ya mvua au ya bomba tu, kwa kuwa mche mchanga ndio unaoathirika upesi. Acha kabisa maharage, karoti, vitunguu na ndimu. Spinachi, mchicha na komamanga vinavumilia kiasi, na mnazi ndiyo kwao. Kama maji yanakukera mdomoni kwa chumvi, usiyapeleke bustanini.

11. Maji ya kuoshea vyombo na nguo yanafaa?

Yanafaa kwa migomba, minazi na miti ya matunda iliyokwisha shika. Usimwagie mboga za majani wala kitalu. Yasiwe na dawa ya kung'arisha nguo, na yamwagwe siku hiyohiyo. Yakilala yananuka na kuzaa mbu.

12. Tunaishi juu, Newala, maji ni ya kununua. Bustani inalipa?

Ukinunua kila ndoo, hailipi. Ukivuna ya mvua, inalipa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba yenye bati la mita za mraba 40, mvua moja ya milimita 10 inashusha lita 400. Toa zinazomwagika na kuruka, unabaki na 320 hivi. Tangi la lita 1,000 linaendesha tuta moja la mita 3 kwa siku 55 hadi 80, kutegemea mwezi. Wenye visima vya saruji vya kuvunia mvua, kama ilivyo desturi huko juu, wagawe maji mapema: ya kunywa kwanza, ya bustani yanayozidi.

Panda pia vinavyoishi bila keni: mbaazi, kisamvu cha mpira, mlonge, nanasi.

## Mboga moja moja

13. Mchicha wangu hauoti, au unaota mafungu mafungu. Kwa nini?

Mbegu ni ndogo mno. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko vitano vya mchanga mkavu, nyunyiza kwenye mistari yenye nafasi ya sentimita 20, kina kisizidi sentimita 1, funika kwa nyasi chache na lowanisha mara mbili kwa siku. Utaota siku ya tatu hadi ya tano. Ondoa nyasi jioni ya siku hiyohiyo usije ukarefuka kwa kutafuta mwanga. Usipoona kitu hadi siku ya saba, ama umezika chini sana, ama juu palikauka mchana mmoja, ama sisimizi wamebeba mbegu. Zungushia jivu.

14. Mchicha unachanua ukiwa mfupi. Mbegu mbaya?

Mara nyingi ni njaa, kiu au msongamano. Ng'oa na kula iliyosongamana hadi ibaki nafasi ya sentimita 8 hadi 10, ongeza mbolea (swali la 8), na kata juu kwa kimo cha sentimita 15 ukiacha majani mawili matatu. Unachipua upya na kuvunwa kila baada ya wiki mbili. Baada ya mikato mitatu au minne, ung'oe wote.

15. Nyanya hatua kwa hatua zinalimwaje huku?

Chagua aina fupi kama Tanya kwa kuanzia. Mbegu yake unaweza kuitunza, tofauti na chotara. Nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Miche ikae kitaluni wiki nne, na wiki ya mwisho ipunguzie maji ili ikomae. Hamisha jioni, nafasi ya sentimita 50 kwa 60, uzike shina hadi karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa sehemu iliyozikwa inatoa mizizi. Wiki mbili baadaye simika mti wa mita 1.5 na funga kwa kamba laini kwa fundo legevu. Mwagilia chini, si majani. Kuvuna kunaanza wiki ya 10 hadi ya 12 baada ya kuhamisha.

Ukipanda Januari hadi Machi, bakajani, ugonjwa wa ukungu unaotia majani mabaka, litakuja na mvua. Kata majani yote yaliyo chini ya sentimita 30 kutoka ardhini, ongeza nafasi, weka kipaa.

16. Nyanya zinaoza kitako, na nyingine zina vitobo.

Ni mambo mawili tofauti. Kitako cheusi, kikavu, kilichobonyea si ugonjwa wa kuambukiza: tunda limekosa chokaa kwa sababu maji yanakuja na kukatika. Kunyunyizia dawa hakusaidii. Rekebisha ratiba ya maji, tandaza, na matunda yatakayofuata yatakuwa safi.

Vitobo vidogo karibu na kikonyo, pamoja na mabaka mapana yanayoonyesha mwanga kwenye majani na punje nyeusi za kinyesi ndani yake, ni kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo. Aliingia Tanzania mwaka 2014, na dawa nyingi amezizoea. Bustani ndogo ina faida hapa: pita kila siku ya tatu, chuma jani lenye baka na tunda lenye tobo, vifungie kwenye dumu lenye kizibo juani siku tano. Usivitupe kwenye mboji.

17. Bamia zangu ni ngumu kama kuni.

Umechelewa. Baada ya siku 50 hadi 60 tangu kupanda, bamia inachumwa kila siku ya pili, sawa na urefu wa kidole. Vunja ncha kwa kidole gumba: ikikatika kwa mlio, chuma, ikipinda bila kukatika, iache ikaukie mtini iwe mbegu. Lakini acha moja au mbili tu, kwa sababu mti wenye bamia zilizokomaa unaacha kuzaa.

18. Maboga yanatoa maua mengi, hakuna tunda.

Maua ya mwanzo huwa ya kiume. La kike lina kiboga kidogo nyuma yake. Kama ya kike yapo na viboga vyake vinanyauka, nyuki hawafiki: kabla ya saa tatu asubuhi chuma ua la kiume, menya petali zake, paka unga wake katikati ya ua la kike. Sababu nyingine ni sisi wenyewe, tunaochuma ncha zote za majani ya maboga kwa ajili ya mboga halafu tunataka na maboga. Tenga mashina ya majani na mashina ya matunda.

19. Kabichi, karoti na viazi mviringo?

Kabichi hufunga vizuri kiasi ikipandwa Mei tu. Karoti inapenda mchanga wetu, ila isiwe na samadi mbichi, itaota matagaa. Viazi mviringo waachie Njombe na Mbeya.

## Matunda

20. Papai linachanua miaka yote bila kuzaa.

Ni dume. Maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu, ilhali ya jike ni makubwa na yamekaa shinani. Mbegu haionyeshi jinsia, kwa hiyo panda miche mitatu kwa shimo, subiri ichanue, acha mmoja unaozaa. Dume moja linatosha majike kumi hadi ishirini, na mara nyingi la jirani linatosha.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande, makumbi chini, debe moja la samadi, nafasi mita 2.5. Matunda ya kwanza yanaiva kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na mbili tangu kupanda. Adui mkubwa ni maji yaliyotuama: siku mbili tu zinatosha kuozesha mizizi. Ukiona unga mweupe kama pamba kwenye matunda na mishipa ya majani, ni kidung'ata. Mpige kwa maji ya sabuni (swali la 25) na ondoa majani yaliyojaa.

21. Mwembe wa kokwa au wa kubebesha?

Wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine, kama unataka tunda ndani ya miaka mitatu hivi na mti mfupi. Wa kokwa unaweza kuchukua miaka mitano hadi minane, na embe lake huenda lisifanane na ulilokula. Maua ya mwaka wa kwanza yaondoe. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo likate mara moja, la sivyo mti wa chini unashinda na dodo lako linageuka embe la porini. Nafasi isipungue mita 8 kutoka nyumbani na mti mwingine.

22. Pasheni inaota Mtwara?

Ile ya manjano, ndiyo. Ya zambarau ni ya nyanda za juu. Ya manjano haijichavushi yenyewe, kwa hiyo panda miche isiyopungua miwili iliyotokana na matunda tofauti, na usiwafukuze nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Hao ndio wachavushaji wake. Ukuta au kichanja cha mita 2 kinatosha.

23. Migomba, ndimu na nanasi kwa ufupi?

Mgomba uweke yanakotoka maji ya bafuni. Acha mama, mtoto na mjukuu, mengine kata. Ndimu ipe mita 4 na usiilimie shinani, mizizi iko juu. Nanasi kutoka kwenye kilele chake huchukua miezi 18 hadi 24, na ni uzio mzuri dhidi ya kuku.

## Wadudu na magonjwa

24. Miche ilikuwa mizima jana, leo imelala.

Kama imekatwa sawasawa na ardhi, chimbua kwa vidole pembeni ya shina asubuhi: utamkuta sota, kiwavi mnene wa kijivu aliyejikunja. Muue, na zungushia miche mingine kikopo kisicho na kitako, sentimita 2 ndani ya udongo na 5 juu. Kama shina limesinyaa kama uzi na miche imekufa kwa kundi, ni kinyausi: umesia kwa msongamano na kumwagilia kupita kiasi. Punguza maji, na kitalu kijacho kiweke mahali papya.

Mche mkubwa unaonyauka mchana na kuamka jioni ung'oe. Mizizi yenye mafundo ni minyoo fundo, ambao mchanga wetu ni makao yao. Usifuatishe nyanya, bamia na bilinganya mahali pamoja; panda karanga au ufuta katikati, ongeza samadi, na Oktoba ng'oa mizizi yote, geuza udongo juani mara mbili. Mizizi ikiwa safi, kata kipande cha shina sentimita 10, kining'inize kwenye glasi ya maji maangavu. Ukiona ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, ondoa bustanini, na jamii ya nyanya, pilipili na bilinganya isirudi hapo kwa miaka mitatu.

25. Dawa gani ya nyumbani inafanya kazi kweli?

Mbegu za mwarobaini. Ponda gramu 50 za kiini kikavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ya maji, nyunyiza jioni kwa sababu jua linaiua nguvu, rudia baada ya siku tano hadi saba. Inazuia viwavi wadogo, vidukari na nzi weupe. Haiui papo hapo. Kwa vidukari peke yake, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, upande wa chini wa jani, kinatosha.

Dawa za mikorosho zilizobaki stoo zisiguse mboga. Mchicha unakaa wiki tatu tu kabla ya kuingia mdomoni, na kiasi kilichoandikwa kwenye chupa hizo ni cha mti.

26. Majimoto wamejaa kwenye mwembe. Niwaue?

Waache. Sungusungu hao wekundu wanaoshona majani wanawinda mbu wa mikorosho na mbu wa minazi, wadudu wanaofyonza machipukizi na matunda machanga. Ukitaka kuchuma, paka jivu mikononi na panda asubuhi mapema wakiwa wamepoa.

## Hali za pekee

27. Jirani anapuliza salfa kwenye mikorosho yake. Mboga zangu ziko salama?

Kuanzia Mei vumbi hilo linasafiri na upepo. Osha mboga kwa maji mengi kabla ya kupika. Majani ya matango na matikiti yanaweza kuungua, basi yapande mbali na mpaka. Kwa miaka mingi salfa inaongeza uchachu wa udongo. Nyunyiza kopo la nusu lita la jivu kwa mita ya mraba mara moja kwa mwaka, lakini si siku moja na samadi mbichi, kwani jivu linapoteza nguvu ya samadi hewani.

28. Upepo wa kusi unaunguza bustani iliyo karibu na bahari. Nijenge ukuta?

Ukuta unaurusha upepo juu na kuuangusha bustanini kwa kishindo. Uzio wa makuti au matete wenye nafasi ndogo ndogo unaupunguza vizuri zaidi. Baada ya siku ya upepo mkali, suuza majani kwa maji yasiyo na chumvi. Na mvua za kimbunga hutokea hata msimu ukiwa unaisha, kama Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024: ukisikia tahadhari, punguza matunda mazito ya papai, egemeza migomba kwa miti miwili, fungua kingo za majaluba.

29. Nimepanga, sina ardhi. Kiroba kinafaa?

Kinafaa. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya kiroba cha kilo 50, lijaze kokoto, zungushia mchanganyiko wa udongo ndoo mbili kwa samadi ndoo moja, vuta kopo juu, rudia hadi kijae. Maji yanamiminwa kwenye kokoto, lita 5 hadi 10 kwa siku. Toboa pembeni kwa kupishana sentimita 20, chomeka chainizi au sukuma wiki. Juu weka pilipili. Kiroba cha plastiki kinachanika kwa jua baada ya msimu mmoja au miwili, kwa hiyo kizungushie gunia kuukuu.

30. Nahama nyumba. Nini kinahamishika?

Ndimu iliyopandwa kwenye ndoo ya lita 20 yenye matundu chini inahama nawe. Papai halihami, mizizi yake ikikatwa linakufa; beba mbegu. Mgomba chukua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, likiwa na kipande cha tunguu. Marando ya matembele kata urefu wa sentimita 30, yafunge kwenye gunia lililolowa, yatakaa kivulini siku mbili au tatu, na ukifika chomeka vifundo viwili chini ya udongo jioni ileile.